Nasaha kwa Wanunuzi wa Vigarimoshi vya Mfano Mnadani

Miongoni mwa bidhaa zinazonadiwa kila siku katika intaneti, ni chache zinazosifiwa kupita kadiri ya thamani yake kama vigarimoshi vya mfano, kwa sababu muuzaji aghalabu amevirithi kwa mzee wake wala hajui alichokirithi, naye mnunuzi hanunui chuma na plastiki peke yake, bali hununua pamoja navyo hamu aliyokuwa nayo utotoni alipovitazama katika kioo cha duka asiweze kuvipata. Ujinga wa mmoja ukikutana na shauku ya mwingine, bei hupanda pasipo sababu, na mwenye hila, ambaye hakosekani katika soko lolote, hupata mlango wa kuingilia. Nimeshughulika na vigarimoshi hivi kwa miaka mingi, hasa vile vya Kiingereza, na makala haya nayaandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi Uingereza na wale walioko nyumbani wanaoagiza kutoka huko, kwani nimewaona wageni wengi wa fani hii wakilipa fedha nyingi kwa kitu cha kawaida, kisha wakavunjika moyo na kuiacha kabisa burudani iliyo tulivu, yenye kumfundisha mtu subira na ustadi wa mikono.

Sifa ya kutahadhari nayo kuliko zote ni ile ya uadimu. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza ya Meccano mwaka 1901, alianza kuuza magari ya moshi ya kuchezea mwaka 1920, na mwaka 1938 kiwanda chake cha Binns Road kikatoa aina ndogo iitwayo Hornby Dublo. Baada ya vita wakaja washindani wake, Tri-ang, waliotumia plastiki na kuuza kwa bei nafuu zaidi, hata mwaka 1964 kampuni mama ya Tri-ang ikaimeza Meccano yenyewe, kampuni ya Hornby. Viwanda hivi havikuwa vikitengeneza tunu za wafalme. Vilitengeneza vitu vya watoto, kwa wingi mkubwa, mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa vilipendwa na kuhifadhiwa katika maboksi yake juu ya dari za nyumba, vimebaki vingi mno hadi leo. Kichwa cha Tri-ang kiitwacho Princess Elizabeth, kile kidogo cha kuvutia mabehewa ya bohari kinachojulikana kama Jinty, kile cha Duchess of Atholl kilichotolewa na Dublo baada ya vita, na kile kidogo sana chenye magurudumu manne ambacho Hornby wamekitia katika seti za watoto kwa miaka mingi kwa jina la Smokey Joe, vyote hivyo hupatikana mnadani siku yoyote utakayotaka kuvitafuta, na bado si nadra kuviona vimepambwa kwa maneno ya uadimu na bei ya kutisha. Kitu ambacho hupatikana mahali kumi kwa wakati mmoja si adimu, hata kikiwa na umri wa miaka sabini.

Vilivyo adimu kwa hakika vipo, lakini uadimu wake una sababu ambayo mwenye kujua anaweza kuieleza. Vigarimoshi vya Dublo vinavyokwenda kwa kamani, kwa mfano, vilitoka kabla ya vita tu, wala kiwanda hakikuvirejea tena amani iliporudi. Hiyo ni sababu. Rangi fulani iliyotolewa kwa muda mfupi, au boksi la namna iliyobadilishwa upesi, hizo nazo ni sababu. Basi muulize muuzaji: ni kwa nini kitu hiki ni adimu? Akiweza kukutajia mwaka, namba ya orodha ya kiwanda na tofauti iliyopo baina yake na kile cha kawaida, msikilize, kisha uyahakiki maneno yake katika kitabu cha Ramsay's British Model Trains Catalogue, au kwa wanachama wa Hornby Railway Collectors' Association, chama ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1969. Akikujibu kwamba kilikuwa cha babu yake, amekupa habari za ukoo wake, si za kigarimoshi.

Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hughafilika nalo, yaani tofauti kubwa iliyopo kati ya bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Muuzaji mmoja huandika bei ya ndoto, mwingine akaiona akadhani ndiyo bei ya soko, naye akaiandika, akaja wa tatu akaiongeza kidogo, na kwa muda mfupi ukurasa mzima umejaa bei zilizonakiliwa kutoka tangazo moja hadi jingine, ilhali hakuna hata kimoja kilichouzwa. Katika eBay, kama katika minada mingine mingi ya namna hiyo, ipo njia ya kuchuja matangazo ili uone vitu vilivyokwisha kuuzwa na bei zake, na hiyo ndiyo mizani ya kupimia. Usichukue bei moja ya juu ukaifanya kipimo, maana huenda watu wawili walishindana siku hiyo kwa ukaidi. Chukua kadhaa, uangalie hali ya kila kimoja, kama kilikuwa na boksi, kama kilikuwa kinakwenda, kisha ukadirie katikati. Zamani tulikuwa na mizani nyingine njema, yaani bei za vitu vilivyotumika zilizoandikwa wazi na duka la Hattons, lililofunguliwa Liverpool mwaka 1946. Duka hilo lilitangaza kufungwa kwake Januari 2024, na pengo lake linaonekana. Hata hivyo yapo maduka mengine makubwa yanayonunua na kuuza vilivyotumika, kama Rails of Sheffield, na nyumba za mnada zenye wataalamu, kama Vectis, ambazo huchapisha bei zilizofikiwa. Mara nyingi utakuta kitu kile kile dukani, kimejaribiwa na kina dhamana, kwa bei ya chini kuliko inayodaiwa na mtu binafsi asiyekupa dhamana yoyote.

Sasa nije katika maelezo ya hali ya kitu, ambapo ndipo hasara nyingi hutokea. Matangazo mengi huandikwa kwamba kigarimoshi hakijajaribiwa kwa kuwa muuzaji hana reli. Vichwa vya kipimo cha OO, nitakachokieleza mbele, vinavyotembea kwa volti 12 katika reli mbili, huhitaji tu betri ndogo ya volti 9, ambayo huuzwa kila duka, na vipande viwili vya waya vikigusishwa magurudumu ya kulia na ya kushoto, ili mota izunguke. Kazi hiyo haizidi dakika moja. Kwa hiyo anayeuza vigarimoshi mia na kudai kwamba hana njia ya kukijaribu hata kimoja, mimi hukichukulia kila kimoja kuwa kimekufa, na dau langu huliweka kwa hesabu ya kununua vipuri. Hesabu hiyo si mbaya daima, kwani mota ya Tri-ang iitwayo X04 ni ngumu, hufunguliwa kwa bisibisi, na vipuri vyake vinapatikana, hata ile iliyolala nusu karne huamka ikisafishwa na kutiwa tone la mafuta. Lakini kichwa cha kisasa chenye vyombo vya elektroniki ndani yake kikiwa kimekufa, huenda gharama ya kukifufua ikapita thamani yake.

Maradhi ninayotaka kuyaeleza kwa urefu ni yale yanayokula madini yenyewe. Chasisi nyingi na magurudumu mengi ya vigarimoshi hufanywa kwa kuyeyusha aloi ya zinki na aluminiamu, ambayo Waingereza huiita Mazak, na kuimimina katika kalibu. Aloi hiyo ikiwa safi hudumu miaka na miaka; bali ikiingiwa na risasi, hata kidogo sana, kwa uzembe wa karakana, kutu huanza ndani kwa ndani baina ya chembe za madini, na unyevu huisaidia kuenea. Madini huvimba, yakapasuka kwa nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, mwishowe yakamomonyoka mkononi. Hakuna dawa ya maradhi haya. Hayasafishwi, hayagandishwi kwa gundi, wala hayazuiliki yakishaanza. Magurudumu ya Hornby ya kabla ya vita huyapata sana, lakini asidhani mtu kwamba ni balaa la vitu vya kale peke yake, kwa maana baadhi ya vichwa vya dizeli vya Class 31 vilivyotolewa na Hornby katika muongo wa kwanza wa karne hii, kazi ya viwanda vya China, vimepatwa nayo kwa wingi hata chasisi ikarefuka na kulisukuma bodi lake mpaka likapasuka ncha.

Ukitaka kuyatambua maradhi hayo katika picha, tazama kwanza ncha mbili za kichwa, pale bodi linapokutana na chasisi: je, ukingo umenyooka, au umeinuka na kupinda katikati? Tazama kama bodi limekaa sawasawa au limeinuka upande mmoja. Kisha tazama upande wa chini, penye skrubu na mihimili ya magurudumu, utafute mistari myembamba kama unywele inayokwenda pasipo mpango, kwani mstari wa kalibu hunyooka bali ufa hujikunja. Muombe muuzaji akupigie picha ya upande wa chini katika mwangaza wa mchana. Ombi hili ni la haki na halimgharimu kitu, na mwenye amana hulitimiza siku ile ile. Anayelikataa, au anayejibu kwamba picha zilizopo zatosha, amekwisha kukupa jawabu.

Plastiki nayo ina aibu zake. Mabehewa ya mwanzo ya Tri-ang yalifanywa kwa plastiki ya asetati, ambayo hujikunja na kusinyaa kadiri miaka inavyopita, ukaona dari imebonyea na ubavu umepinda kama tao. Hayo hayanyooki tena. Behewa lililopinda hupigwa picha kwa mbele ili lisionekane, basi omba lipigwe kwa ubavu, likiwa juu ya meza tambarare.

Mgeni wa fani hii pia hudanganyika kwa vipimo. Waingereza wengi hutumia kipimo cha OO, ambacho ni sehemu moja ya 76, ilhali Wazungu wa bara na Wamarekani hutumia HO, ambacho ni sehemu moja ya 87, na vyote viwili hupita katika reli ile ile yenye upana wa milimita 16.5, hivyo muuzaji huandika hiki kwa jina la kile, pengine bila nia mbaya, na mnunuzi hupokea mabehewa yanayoonekana kama watoto kando ya kichwa chake. Dublo ya zamani nayo hutumia reli tatu, na magurudumu yake ya chuma hayakukingwa, kwa hiyo ukikiweka kichwa hicho katika reli mbili za kisasa umeme hugongana na hakiendi; reli mbili Dublo hawakuzianza mpaka mwaka 1959. Vya Märklin wa Ujerumani vina mfumo wao pekee wa umeme wa kupishana. Na katika vya leo, tofautisha sana kati ya kichwa kilicho tayari kwa mfumo wa dijitali uitwao DCC na kile kilichofungwa dikoda yake, kwani cha kwanza kina tundu la kuchomekea tu, na dikoda utainunua mwenyewe. Bei ya cha pili ikiombwa kwa cha kwanza, hiyo ni dhuluma, ijapokuwa muuzaji ameandika herufi zile zile tatu.

Kughushi hasa, yaani kukifanya kitu kionekane kile ambacho sicho, hutokea pale ambapo fedha ni nyingi, na kwa vya Kiingereza pahali hapo ni vigarimoshi vya Wrenn. Kampuni hiyo ilizipata kalibu za Hornby Dublo katika miaka ya 1960, ikaendelea kuzitumia hadi mwaka 1992, na baadhi ya rangi zake zilitolewa chache mno. Kwa kuwa bodi la Dublo na bodi la Wrenn yametoka katika kalibu moja, mwenye mkono mzuri anaweza kukichukua kichwa cha kawaida, akakipaka rangi adimu, akakitia katika boksi lililochapishwa jana, akakiuza kwa mara nyingi ya thamani yake. Tazama basi vichwa vya skrubu, kama vimekwaruzwa ilhali bodi linang'aa kana kwamba halijaguswa. Tazama misumari midogo iliyochorwa ubavuni, kama imezama katika rangi nene. Tazama ndani ya bodi, ambamo rangi ya kwanza aghalabu husalia. Na ulinganishe namba iliyo katika ncha ya boksi na ile ya kichwa chenyewe. Boksi lenyewe lina soko lake, watu hulinunua tupu, na waraka wa toleo la idadi maalumu huuzwa vilevile peke yake, kwa hiyo boksi na waraka si ushahidi wa kilichomo. Kwa kitu cha bei kubwa, sioni kwa nini mtu anunue pasipo kukishika mkononi, au pasipo kununua katika nyumba ya mnada yenye mtaalamu anayeweka jina lake chini ya maelezo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki nina neno mahususi. Wengi wetu tungependa kuwa na mfano wa Garratt ya daraja la 59, ile mijitu 34 ya vichwa vya mvuke iliyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi, ikapewa majina ya milima yetu. Kampuni ya Heljan imetoa mfano wa Garratt katika kipimo cha OO, lakini huo ni wa reli ya Kiingereza ya LMS, na rangi ya damu ya mzee iliyopakwa juu yake haiwezi kuugeuza. Hesabu magurudumu ubavuni: ya LMS ina makubwa sita na madogo mawili, ilhali ya kwetu ina makubwa manane na madogo sita. Yeyote anayekuuzia hiyo ya kwanza kwa jina la ya pili anakuuzia uongo, ajue au asijue.

Kuhusu transfoma za zamani za kuvipa umeme vigarimoshi hivi sina maneno mengi, ila nasema kwa mkazo: usiichomeke ukutani. Mpira unaokinga nyaya zake hukauka na kukatika, na nyingi zina kasha la chuma, hivyo umeme ukivuja humpata anayeligusa, naye mara nyingi ni mtoto. Iweke kwa pambo, ununue mpya. Za Uingereza hufaa Kenya na Tanzania kwa kuwa nguvu ya umeme na plagi ni namna moja. Za Marekani, zilizofanywa kwa volti 120, zitaungua.

Ama kuhusu dau lenyewe, litaje mara moja tu, nalo liwe lile uliloliamua kabla ya mnada kupamba moto, ukiwa umeingiza ndani yake ada ya posta, na kwa aliye nyumbani, ushuru wa forodha pia. Wapo wauzaji wanaoweka bei ndogo ya kitu na ada kubwa ya posta, na wapo wanaotumia jina jingine, la rafiki au la kubuni, kujipandishia dau wenyewe. Kujipandishia dau ni kosa la jinai Uingereza, na mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimhukumu muuzaji mmoja kwa kosa hilo. Historia ya madau huonyesha kila mshindani amefanya sehemu gani ya shughuli zake na muuzaji yule yule. Ukimwona asiyenunua kwa mwingine ila kwa huyo, na kitu kimerudishwa mnadani kwa kisingizio kwamba mnunuzi hakulipa, ondoka.

Ulichonunua kikifika, kifungue siku hiyo hiyo, ukipige picha pamoja na kifurushi chake, ukijaribu. Ukinunua kwa mfanyabiashara, kanuni za Uingereza za mwaka 2013 hukupa siku 14 za kubadili nia. Ukinunua kwa mtu binafsi huna haki hiyo, ila una haki ya kupata kitu kilicholingana na maelezo, na eBay huyapokea malalamiko ndani ya siku 30 tangu kukipokea, maadamu ulilipa kwa njia yao wala hukushawishika kulipa pembeni kwa kupunguziwa bei. Usione haya kudai, na usikae kimya kwa kuwa fedha ni ndogo, kwani kimya chako ndicho kinachomwachia muuzaji huyo jina zuri la kumnasia mwingine.

Na wewe msomaji, siku utakapouza, maana sote huuza mwishowe, nakuomba ukijaribu kila kichwa kwa betri yako, upige picha ya upande wa chini bila kuombwa, uandike kila ufa na kila kinachokosekana, na uombe bei ambayo wewe mwenyewe ungekubali kuilipa.